Nani Atakuja Baada ya Matanga?

Katika nchi yetu hakuna mfiwa aliaye peke yake siku ya kwanza. Habari ya msiba ikisikika, majirani huacha shughuli zao, mwenye duka hufunga mlango, wanawake hujitwika kuni na vyungu, wazee huketi chini ya mwembe, na vijana hushika majembe kwenda kuchimba kaburi. Jumuiya huja na Rozari, wanakwaya huja na nyimbo, na daftari la rambirambi hupita mkono kwa mkono. Watu hulala chini juu ya mikeka siku tatu, ama siku saba, kwa kadiri ya desturi za mahali. Wageni watokao nchi za mbali huyaona hayo wakastaajabu; sisi twayaona kuwa ya kawaida kama mvua na jua. Tumshukuru Mungu kwa urithi huo, maana ni urithi mwema.

Lakini matanga huisha. Mikeka hukunjwa, masufuria ya kuazima hurudishwa, turubai hushushwa, na yule wa mwisho kuondoka huaga mlangoni akisema, tuko pamoja. Kisha jua huchwa. Mjane huketi mbele ya mafiga yake, hupima unga wa watu wawili kwa mazoea, hukumbuka, akapunguza. Siku ya arobaini watu watarudi kidogo. Baada ya hapo hawatarudi tena, kwa maana kila mtu ana shamba lake na shida zake. Hapo ndipo msiba wenyewe uanzapo, wakati sisi wengine twadhani umekwisha.

Basi swali letu la juma hili ni hili: Je, deni letu kwa mfiwa huisha siku ya kuanua matanga? Na kama haliishi, tumlipe nini, ikiwa mchele na sukari havimfai tena?

Twalileta swali hili kwa sababu ya kitabu kimoja ambacho kimesomwa na watu wengi sana ng'ambo, na ambacho wasomaji wetu kadhaa wanaosoma Kiingereza wamekwisha kukipata. Ni riwaya ya mwandishi wa Marekani, Bibi Shelby Van Pelt, iliyotolewa mwaka 2022, nayo ni riwaya yake ya kwanza. Jina lake ni Remarkably Bright Creatures, yaani viumbe wenye akili ya kustaajabisha. Si kitabu cha dini, wala mwandishi hakukusudia kuhubiri. Hata hivyo kinagusa jambo ambalo Kanisa limelitafakari tangu mwanzo, na chaligusa kwa njia ambayo mtu hakuitazamia.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Katika mji mdogo wa pwani, ambao mwandishi ameubuni na kuuweka katika jimbo la Washington, huko kaskazini-magharibi mwa Marekani, aishi mama mmoja mwenye miaka 70, jina lake Tova Sullivan. Mumewe amekufa kwa saratani. Mwanawe wa pekee, Erik, alitoweka baharini usiku mmoja akiwa na miaka 18, na sasa imepita miaka 30. Mwili haukuonekana. Askari walikata shauri kwamba kijana alijiua. Mama hakusadiki hata siku moja. Huyu Tova hahitaji fedha, lakini kila jioni aenda kufanya usafi katika nyumba ya maonyesho ya samaki, akipiga deki sakafu na kufuta vioo, kwa sababu mikono ikiwa na kazi moyo hupata nafuu. Anao marafiki, wanawake wa rika lake, wakutanao kila juma kwa kufuma na kula pamoja. Wanampenda. Hata hivyo hakuna ampataye kwa ndani. Kisha ndugu yake naye amekufa katika nyumba ya kutunzia wazee, na Tova akata shauri kuiuza nyumba aliyoijenga baba yake, ili aende akaishi katika nyumba hiyo hiyo ya wazee, asije akawa mzigo kwa mtu ye yote.

Katika tangi moja la nyumba ile ya maonyesho yumo pweza mkubwa aitwaye Marcellus. (Wasomaji watagundua kwamba ni jina la Mapapa wawili, hatuna shaka kwamba hao Baba Watakatifu wamekwisha kumsamehe mwandishi.) Usiku mmoja Tova amkuta pweza huyo nje ya tangi lake, amenaswa katika nyaya za umeme, hawezi kujinasua. Mama akaziondoa nyaya kwa mikono yake, na pweza akaponyoka kurudi majini, akimwachia alama za vikombe vyake juu ya ngozi ya mkono. Tangu usiku ule wawili hao wakawa marafiki.

Twajua wapo watakaocheka. Kwa ndugu zetu wa Pwani na Visiwani, pweza ni kitoweo. Wanawake humtafuta miambani maji yakipwa, na jioni supu yake huuzwa mabarazani. Kwa msomaji wa Bara aliyekulia kando ya milima au maziwa, pweza ni mnyama wa picha tu. Mtu atauliza, mfiwa gani huyu atafutaye faraja kwa kitoweo? Lakini tusimame kidogo. Wataalamu watuambia kwamba pweza ana mioyo mitatu, damu yake ni ya rangi ya buluu, na sehemu kubwa ya mishipa yake ya fahamu imo katika ile mikono minane. Aweza kujifunza, kufungua vifuniko, na kumtambua mtu mmoja kati ya wengi. Mwaka 2016, katika mji wa Napier nchini New Zealand, pweza mmoja alitoka tanginimwe usiku, akapita sakafuni, akajipenyeza katika bomba la maji na kurudi baharini. Hiyo si hadithi. Ilitangazwa duniani kote. Tena kiumbe huyu huishi peke yake, na maisha yake ni mafupi: pweza mkubwa wa bahari ya Pasifiki huishi miaka mitatu hadi mitano. Marcellus wa riwaya azihesabu siku zake moja moja, maana ajua kwamba zimebaki chache.

Sasa tulitazame swali la kwanza: Je, si aibu kwa mwanadamu, aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, kufarijiwa na mnyama?

Maandiko Matakatifu hayaoni aibu hiyo. Nabii Eliya alipokimbilia mtoni Kerithi, kunguru ndio waliomletea mkate na nyama. Kijana Tobia aliposafiri na malaika asiyemjua, mbwa alikwenda pamoja nao, na Maandiko yalimkumbuka mbwa huyo hata katika safari ya kurudi. Maskini Lazaro alipolala mlangoni pa tajiri, mbwa walikuja wakamlamba vidonda. Mafundisho ya Kanisa nayo ni wazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yafundisha kwamba wanyama, kwa kuwapo kwao tu, humtukuza Muumba, na kwamba yatupasa kuwatendea kwa wema. Papo hapo yatuonya kwamba twaweza kuwapenda wanyama, ila tusiwape pendo lile liwapasalo watu peke yao, wala tusiwatumilie mali ambayo ingetangulia kuondoa taabu za binadamu.

Kwa hiyo si aibu kwa Tova kufarijiwa na pweza. Lakini tukirudi kumtazama Lazaro, twaiona aibu iko wapi. Mbwa hawakufanya ubaya wo wote kumlamba vidonda. Mwenye aibu ni yule aliyekuwa akila na kunywa ndani ya nyumba, akampita kila siku mlangoni. Kila mara mnyama amfarijipo mtu, yatupasa kuuliza: na jirani alikuwa wapi? Wako wazee katika nchi yetu ambao wasikilizaji wao wa jioni ni kuku na mbuzi. Tusiwacheke wasemapo na mbuzi wao. Afadhali tujiulize ni tangu lini hawajapata mtu wa kusema naye.

Hata hivyo tukimtendea haki mwandishi, hatuwezi kusema kwamba majirani wa Tova ni wabaya. Wao si kama yule tajiri. Walikuja, walimletea vyakula, walimwalika, walimtakia mema. Hapa swali la pili lazidi kuwa gumu: kwa nini mnyama aliweza jambo ambalo marafiki wema hawakuliweza?

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliandika, katika kitabu chake kikuu cha elimu ya Mungu, sehemu nzima juu ya dawa za huzuni. Msomaji asiyemjua hudhani kwamba mtakatifu huyo mwenye akili nyingi atamwambia mfiwa afikiri kwa hoja na kunyamaza. Sivyo. Ataja dawa tano: furaha iliyo halali, machozi, huruma ya marafiki, kuutafakari ukweli, na ya tano, usingizi na kuoga. Ndiyo, usingizi na kuoga. Maana alijua kwamba mtu ni roho na mwili. Alipofika kwenye huruma ya marafiki aliuliza kwa nini rafiki akilia nami huzuni yangu hupungua, wala haizidi. Akatoa sababu mbili. Ya kwanza, huzuni ni kama mzigo, na wengine wakihuzunika pamoja nasi ni kana kwamba wameukamata upande mmoja. Ya pili, ambayo yeye mwenyewe aliiona kuwa bora, ni kwamba tukiwaona marafiki wakihuzunika kwa ajili yetu, twajua kwamba twapendwa.

Maneno hayo ni kweli, nasi hatuthubutu kuyapunguza. Twataka tu kuendelea hatua moja mbele, katika njia hiyo hiyo. Mtu aliyefiwa amepoteza vitu viwili kwa mara moja. Amempoteza yule aliyempenda yeye. Tena amempoteza yule ambaye yeye alimpenda na kumtumikia. Mama aliyefiwa na mwanawe ana mapenzi tele bado, ana mikono ijuayo kupika, kufua, kuonya, kungoja mlangoni usiku. Lakini hana wa kumngojea. Pendo lake limekuwa kama maziwa ya mama aliyepotewa na kichanga: yapo, yajaa, yaumiza, na hakuna wa kuyanywa. Sisi twamjia tukimwambia kwamba twampenda, na hilo ni jema. Lakini twakidawia kidonda kimoja tu. Cha pili chabaki wazi.

Hapo ndipo yule pweza alipofaulu. Yeye hakuja na rambirambi. Alikuwa amenaswa, akahitaji mkono wa mtu. Kwa mara ya kwanza tangu miaka mingi, mama huyu alihitajiwa na kiumbe mwenye taabu, wala si na sakafu chafu. Marafiki zake walimwonyesha kwamba apendwa; mnyama alimpa nafasi ya kupenda. Ndivyo ilivyo baadaye pia, ajapo katika mji ule kijana wa miaka 30, jina lake Cameron, asiye na kazi ya kudumu, aliyeachwa na mamaye tangu utotoni na kulelewa na mama mkubwa wake, mwenye hasira na walimwengu wote. Mama yule amfundisha jinsi ya kufuta kioo kisibaki na alama. Ni kazi ndogo, lakini wawili hao wapona pamoja, polepole, na wala hapana mmoja wao aliyekusudia kumponya mwenzake.

Wazee wetu waliliona jambo hili zamani, wakalifunga katika maneno manne: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema kwamba mgeni ataponywa na mwenyeji, ingawa hilo nalo ni kweli, kwani yeye ndiye aliyechoka na mwenye njaa. Walisema mwenyeji ndiye atakayepona. Kwa sababu ya mgeni, moto utawashwa katika nyumba iliyopoa, kuku atachinjwa, na mtu aliyekuwa ameuelekeza uso ukutani atainuka kuuliza habari za njiani.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, ashuhudia jambo hilo hilo kwa maisha yake. Katika kitabu cha Maungamo asimulia jinsi alivyofiwa na rafiki yake kipenzi katika mji wake wa Thagaste, akiwa bado kijana. Kila mahali alipokuwa amezoea kumwona palimtesa. Hata mji wa kwao ukawa adhabu, akauhama, akaenda Karthago. Nini kilichomponya kwa upande wa kibinadamu? Asema ni muda, na rafiki wengine: kuongea pamoja, kucheka pamoja, kusoma vitabu pamoja, kushindana bila chuki, kufundishana, mmoja akijifunza kwa mwenzake. Tuangalie vizuri. Hao rafiki hawakumketisha kama mgonjwa. Walimtaka awafundishe, nao wakamfundisha.

Hapa mtu aweza kutupinga akisema: Mwataka kumtwika mfiwa kazi? Je, hana taabu za kutosha? Pingamizi hilo lina haki, na lapaswa kujibiwa. Kwanza, kuna wakati wa kila jambo. Marafiki wa Ayubu, kabla hawajaharibu mambo kwa maneno yao mengi, walifanya jambo moja jema sana: waliketi pamoja naye chini, siku saba mchana na usiku, bila kusema neno. Mtu asiende kwa mfiwa siku ya tatu akamwomba amshonee nguo. Pili, kazi si zote sawa. Iko kazi ya kujificha na iko kazi ya upendo. Tova alifanya kazi miaka yote. Alisugua vioo mpaka vikang'aa, na bado hakupona, kwa sababu kioo hakimhitaji mtu. Wako wanaume wengi kati yetu ambao, baada ya kumzika mke, hukimbilia shambani au dukani tangu alfajiri mpaka usiku, na watu huwasifu kwamba wamejikaza kiume. Hawakujikaza, wamejificha. Mtakatifu Augustino mwenyewe, alipomzika mamaye Monika huko Ostia mwaka 387, alijizuia asilie mbele za watu, na kule kujizuia kukamzidishia maumivu. Mwisho alilia mbele za Mungu, wala hakuona kwamba amekosa. Na Bwana wetu Yesu Kristu, aliyejua hakika kwamba baada ya dakika chache atamfufua Lazaro wa Bethania, alilia kaburini pake. Ikiwa Yeye alilia, nani atamwambia mjane kwamba machozi ni upungufu wa imani? Mtume Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na matumaini.

Liko jambo jingine katika riwaya hii ambalo hatuwezi kulipita, kwa sababu lazigusa nyumba nyingi katika nchi yetu. Tova hana kaburi la mwanawe. Twajua wasomaji wetu wa kandokando ya Ziwa Viktoria watalielewa hilo upesi. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na MV Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba tarehe 10 Septemba 2011, mamia ya watu walipotea. Wako waliozikwa bila ndugu kuwatambua, na wako ambao maji hayakuwarudisha kamwe. Kwa mama wa namna hiyo matanga hayakuanuliwa vizuri, maana hapakuwa na udongo wa kutupa. Kila mlango ugongwapo usiku, moyo wamruka. Tusimwambie asahau. Tumwambie kwamba Kanisa humwombea marehemu na kumtolea Misa Takatifu hata pasipo mwili, na kwamba tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu wote, hakuna aliye bila kaburi katika sala ya Kanisa. Wakati wa vita kuu ya kwanza, mwaka 1915, Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliwaruhusu mapadre wote watoe Misa tatu siku hiyo, na miaka ile vijana wasiohesabika walikuwa wakilala katika mashamba ya vita bila jina wala msalaba. Mungu ajua waliko.

Na liko jambo zito kuliko hilo. Watu walisema kwamba mwana wa Tova alijiua. Familia ngapi katika nchi yetu zabeba mzigo wa namna hii kwa siri? Katika msiba kama huo hata majirani wapungua. Wajao huja wakinong'ona, na mama huona aibu kulitaja jina la mwanawe. Uhai ni wa Mungu, na kuutoa kwa mkono wa mtu mwenyewe ni jambo baya sana. Mafundisho hayo hayakubadilika wala hayatabadilika. Lakini Kanisa, kama mama mwenye hekima, limetufundisha kupambanua tendo na mtendaji. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa kukusudia. Ile ya mwaka 1983 haiwataji tena miongoni mwa wanaonyimwa. Nayo Katekisimu yafundisha kwamba uchungu mkubwa, hofu kubwa au ugonjwa wa akili waweza kupunguza hatia ya mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wao, maana Mungu ajua njia za kuwapa nafasi ya kutubu ambazo sisi hatuzijui, nasi twawaombea. Basi Mkristu asijifanye hakimu kwenye msiba wa jirani yake. Na yule ambaye leo ameelemewa hata atamani kufa, tunamsihi amwambie mtu mmoja leo hii, padre, mganga wa hospitali, au ndugu amwaminiye. Na atakayeambiwa asimwache peke yake.

Sasa yatupasa tuseme ni wapi tunapoachana na mwandishi, na wale watakao kukisoma kitabu wenyewe watusamehe kwa kuwafunulia mwisho wake. Kwa msaada wa pweza yule mwenye akili, yagunduliwa kwamba kijana Cameron ni mwana wa Erik, yaani mjukuu wa Tova. Damu yake haikupotea. Mwisho huo ni mtamu, na watu wengi wamelia kwa furaha walipoufikia. Lakini je, na wale wasio na mjukuu? Kama faraja ya mfiwa hutegemea kumpata wa damu yake, wengi watakufa bila faraja. Naomi alifiwa na mume na wana wawili, na aliyeshikamana naye alikuwa Ruthu, mkwe wa taifa geni. Na chini ya Msalaba, Bwana wetu alipomwona Mama yake karibu kufiwa na Mwana wa pekee, hakumtafutia mtu wa ukoo. Alimpa mwanafunzi, akampa mwanafunzi Mama; na Injili yasema kwamba tangu saa ile mwanafunzi alimchukua nyumbani kwake. Tuangalie jinsi Bwana alivyowakabidhi wote wawili. Hakumwambia Yohane tu amtunze Mama. Alimwambia Mama kwanza kwamba huyu ni mwanawe. Hata katika saa ile alimpa Bikira Maria mtu wa kumpenda. Huo ndio ukoo wa Kikristu, na milango yake haifungwi kwa mtu ye yote kwa sababu ya damu.

Kwa ajili hiyo pia hatuna budi kuwaambia neno wazee wetu, ambao kama Tova wasema kila siku: Sitaki kuwa mzigo. Ni neno la heshima, na mara nyingi latoka katika moyo mwema. Lakini Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba wachukuliane mizigo, na kwamba hivyo ndivyo itimizwavyo sheria ya Kristu. Ikiwa kila mtu atakataa kuwa mzigo, sheria hiyo itatimizwa na nani? Mzee akubaliye kushikwa mkono amfundisha mjukuu wake upendo ambao hakuna shule iwezayo kumfundisha.

Tutoe basi mashauri matatu, madogo, yawezayo kutendwa na kila familia. La kwanza: familia iandike katika kalenda ya nyumbani tarehe za misiba ya majirani, na miezi sita baadaye, na mwaka mmoja baadaye, mtu mmoja aende. Jumuiya zetu na akina mama wa WAWATA, ambao hufanya kazi kubwa siku za kilio, waweza kuliweka jambo hili katika utaratibu wao bila gharama yo yote. La pili: tukienda tulitaje jina la marehemu. Wengi waliogopa kulitaja wakidhani watamkumbusha mfiwa, kana kwamba amesahau. La tatu, na hili ndilo tunalolikazia zaidi: tusiende tukiwa na mkono wa kutoa tu, twende pia na haja. Mwambie mama yule kwamba binti yako hajui kusuka ukili, na yeye ndiye fundi wa mtaa. Mwambie babu aliyefiwa kwamba kijana wako aanza kulima kahawa, wala hajui kupogoa. Mpeleke mtoto wako akamsomee barua za Mtume, naye amsahihishie. Usibuni haja ya uongo, maana mfiwa hatambui jambo upesi kuliko kuhurumiwa kwa hila. Utafute haja ya kweli. Ukitazama nyumbani mwako vizuri hutaikosa.

Juma hili kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja aliyefiwa, si juzi, bali mwaka jana au mwaka juzi. Yule ambaye hakuna aendaye tena kwake. Amwendee jioni, wakati ule mgumu wa kupima unga. Apige hodi, aketi, aseme shida yake, akubali kupikiwa.